IPA iliyogeuka kahawia na kupoteza harufu

IPA (bia yenye hopsi nyingi) kugeuka kahawia na kunuka boksi lililolowa wiki tatu tu baada ya kujaza chupa ni oksijeni, hopsi (maua yanayoipa bia harufu na uchungu) hazina kosa. Kwa lita 20, tia gramu 120 za Citra (aina ya hopsi) povu la uchachu linapoanza kushuka, hamira ingali hai ili iimalize oksijeni uliyoingiza. Siku 3 kwa nyuzi 18 za Selsiasi zatosha. Zikizidi zinaleta ukakasi wa majani. Hopsi huamsha uchachu upya, kwa hiyo kabla ya kujaza chupa haidromita (kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia) isome namba ileile siku mbili mfululizo, la sivyo chupa zitapasuka. Usihamishie ndoo nyingine, utaingiza hewa (kosa la wengi hilo). Mpira wa kujazia uguse kitako cha chupa ili bia isichanganyike na hewa, na sukari ya kutia gesi iwe gramu 6 kwa lita.