Je, PCRE ya zamani bado ni salama?

Swali: Seva ya ofisi yetu ingali inatumia PCRE ya zamani, ile maktaba ya programu inayotafuta maandishi kwa kufuata ruwaza. Haijatusumbua. Kuna haja gani ya kuibadilisha?

Jibu: Ndugu msomaji, haja ipo, tena kubwa. Toleo la 8.45 la mwaka 2021 lilikuwa la mwisho katika mkondo huo, hivyo kasoro itakayogunduliwa leo haitazibwa na watengenezaji wake. Hamieni PCRE2, mrithi wa maktaba hiyo, iliyotoka mwaka 2015. Kasoro kadhaa mbaya zilizowahi kupatikana katika PCRE ya zamani zilitokana na ruwaza iliyotungwa kwa hila, ambayo maktaba ilipoichambua iliandika nje ya eneo la kumbukumbu lililotengwa, na programu ikaweza kuangushwa. Msipokee kamwe ruwaza kutoka kwa mtu msiyemjua.

Hata hivyo kuhama peke yake hakutoshi, na hili husahauliwa mno: ruwaza mliyoiandika wenyewe, mathalani ^(a+)+$, inayorudia herufi a ndani ya marudio mengine, inaweza kuilazimisha kompyuta kujaribu mamilioni ya njia kwa mstari mfupi tu wa herufi. Julai 2, 2019, ruwaza moja yenye kasoro ya namna hiyo ilivuruga huduma za Cloudflare, kampuni inayolinda na kuharakisha tovuti, duniani kote kwa takriban dakika 27. PCRE2 ina kikomo cha majaribio, kipunguzeni.