Kabla ya kulipia Range Rover iliyotumika

SWALI: Mhariri, yadi moja hapa Mombasa inaniuzia Range Rover iliyotumika, lakini naruhusiwa kuijaribu kwa dakika chache tu. Nikague nini, na bei niipatane vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, fika asubuhi kabla gari halijawashwa, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto huficha kelele na moshi ambao ungeugundua ikiwa baridi. Range Rover nyingi husimama juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Kwa hiyo lipandishe na kulishusha kwa swichi yake, kisha lizime na kuliacha kwa muda, na likiinama upande mmoja, fahamu kwamba huenda hewa inavuja na matengenezo yake ni ghali. Dai pia kuliendesha penye matuta.

Kuhusu bei, usitaje kiasi ulicho nacho. Fundi wako alipime kwa kompyuta, akuandikie gharama ya kila kasoro, na jumla hiyo ndiyo uombe ipunguzwe kwenye bei ya gari. Usimalize malipo kabla uhamisho wa umiliki haujaanzishwa katika mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya), hata ukiambiwa kwamba kuna mteja mwingine anayesubiri (mteja huyo hakosekani katika yadi yoyote).