Baada ya Kifaa Kufika Sikioni

Kwa miezi minne vifaa vya kusaidia kusikia vya binti yangu vilikaa ndani ya droo vikiwa vizima kabisa, kwa sababu betri zilikuwa zimekwisha na hakuna mtu aliyekuwa ametueleza kwamba huisha upesi kiasi kile. Alikuwa na umri wa miaka mitatu. Kikundi kimoja cha kujitolea ndicho kilichomnunulia vifaa hivyo. Tukapigwa picha, tukashukuru kwa machozi, tukarudi nyumbani na pakiti moja ya betri ambayo haikumaliza mwezi. Siyaelezi haya kwa kukilaumu kikundi kile, kwani bila wao hata droo isingekuwa na cha kutunza. Nayaeleza kwa sababu baadaye nilijiunga na kamati ya wazazi na wahisani wanaosaidia kliniki ya usikivu na matamshi, nikakuta kosa lile lile tunalifanya sisi wenyewe, kwa moyo safi na hesabu mbovu. Miaka tisa ndani ya kamati hiyo imenionyesha kwamba jamii ni hodari wa kutoa kifaa na dhaifu wa kumfuatilia aliyekipokea, ilhali sehemu kubwa ya huduma hii iko katika ufuatiliaji.

Wengi hudhani kwamba kifaa cha usikivu kinafanana na miwani, ambayo ukiivaa tu umeona. Betri ndogo za zinki zinazotumika katika vifaa vingi huendeshwa na hewa: ukibandua kile kibandiko cha rangi, hewa huingia, betri huamka, na tangu hapo haiwezi kulazwa tena hata ukirudisha kibandiko mahali pake. Kulingana na ukubwa wake na saa ambazo kifaa huvaliwa, betri moja hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi. Mama mmoja katika kamati yetu aliwahi kubandua pakiti nzima kwa siku moja ili amrahisishie kazi bibi wa mtoto, na sote tukajifunza kwa hasara yake. Kisha kuna ile sehemu laini inayoingia ndani ya sikio, ambayo hufinyangwa kwa kufuata umbo la sikio la mtoto mwenyewe. Sikio la mtoto mdogo hukua haraka, hivyo sehemu hiyo huhitaji kutengenezwa upya kila baada ya miezi michache; ikilegea, sauti huvuja na kurudi kwenye maikrofoni, kifaa kikaanza kupiga mluzi, na mzazi asiyejua sababu hukivua na kukiweka pembeni. Jasho na unyevu humalizia yaliyobaki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kikundi chochote kinachochangisha fedha kwa ajili ya usikivu ni kwamba msinunue kifaa hata kimoja kabla ya kutenga fedha za kukihudumia kwa miaka mitatu angalau: betri, kufinyanga upya sehemu ya sikioni, matengenezo, na nauli ya mzazi anayempeleka mtoto kwa mtaalamu ili kifaa kirekebishwe kulingana na vipimo vipya. Hesabu hiyo itamaanisha kwamba fedha ambazo zingenunua vifaa kumi zitanunua sita au saba, na katika kikao atasimama mtu aseme kwamba mnawanyima watoto watatu haki yao. Nimewahi kuwa mtu huyo, na nilisema kwa hasira. Mwaka uliofuata tulipowatembelea watoto waliopokea vifaa, nilifungua droo nyingine mbili zinazofanana na yangu.

Nauli ndiyo inayosahaulika kuliko yote, labda kwa sababu haipigiki picha. Mtoto aliyepata kifaa huhitaji kurudi kliniki mara nyingi, na baada ya hapo huhitaji vipindi vya tiba ya matamshi vinavyoweza kuendelea kwa miaka, kwa kuwa kusikia sauti ni jambo moja na kuielewa sauti ni jambo jingine. Ubongo ambao haukuzoea kupokea maneno lazima ufundishwe kuyatofautisha. Mzazi anayekosa siku moja ya kibarua kila wiki ili ampeleke mtoto kwenye tiba ataacha kwenda, naye hatakuwa mzembe. Atakuwa amefanya hesabu ambayo hata sisi tungeifanya. Fedha ndogo ya nauli, ikitolewa bila masharti ya kudhalilisha, imewabakiza watoto wengi katika tiba kuliko zawadi zote tulizowahi kugawa.

Jambo la pili linahusu muda. Kati ya watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na upungufu wa kudumu wa usikivu, na kwa macho huwezi kumtambua. Kipimo cha mtoto mchanga hakina maumivu. Mara nyingi hufanywa akiwa amelala, kwa kuweka sikioni kijiti kidogo kinachotoa sauti na kunasa mwitikio wa sikio la ndani. Mwongozo ambao wataalamu wa nchi nyingi huufuata ni rahisi kuukumbuka: kipimo cha kwanza kabla ya mwezi 1, uthibitisho kabla ya miezi 3, na huduma kuanza kabla ya miezi 6. Binti yangu hakupimwa. Alipofika mwaka mmoja na nusu bila neno, niliambiwa na kila mtu niliyemheshimu kwamba atasema tu, na kwamba hata baba yake alichelewa. Nilitaka sana kuamini, nikaamini kwa mwaka mzima, na mwaka huo ndio uliokuwa na thamani kuliko yote, kwa sababu miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hujenga lugha kwa urahisi.

Hata pale ambapo kipimo kinafanyika, tundu liko mahali pengine. Mtoto asipofaulu kipimo cha kwanza haimaanishi kwamba ni kiziwi; huenda ni majimaji yaliyobaki sikioni baada ya kuzaliwa, na ndiyo maana mzazi huambiwa arudi. Wengi hawarudi. Wengine hukataa kwa hofu, wengine huona mtoto anashtuka mlango unapogongwa, wakasahau kwamba mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie maneno. Hapa jamii inaweza kufanya kazi ambayo kliniki yenye wafanyakazi wachache haiwezi: kupiga simu. Wanakamati wetu wawili wanapewa na kliniki, kwa idhini ya wazazi wenyewe, namba za wale waliokosa miadi, na kazi yao ni kuuliza kwa upole ni nini kilichozuia. Hawatoi ushauri wa kitabibu wala hawakemei. Mzazi ambaye naye alipitia hofu ile husikilizwa haraka kuliko barua yenye muhuri. Uzito wa simu hizo huongezeka kwa mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kuharibu usikivu na hata kuifanya sehemu ya ndani ya sikio igande kama mfupa, jambo ambalo hufanya upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio kuwa mgumu ukicheleweshwa.

Niseme pia kuhusu lugha ya alama, maana katika kamati yetu ilizua mzozo mrefu. Wapo waliodai kwamba mtoto akifundishwa alama atakuwa mvivu wa kusema. Mimi niliwaamini wao kwanza, na binti yangu akakaa bila lugha yoyote wakati tukisubiri sauti ifanye kazi yake. Leo msimamo wangu ni kwamba mtoto apewe lugha mapema, kwa mdomo, kwa mikono, au kwa vyote viwili, na kwamba fedha za kumlipa mtu kiziwi mzoefu awafundishe wazazi, ndugu na majirani lugha ya alama ni matumizi halali ya mfuko wa usikivu, wala zisitazamwe kama dalili kwamba tumeshindwa.

Watu wazima ni sura ambayo wahisani huiruka. Ni vigumu kuchangisha kwa ajili ya mzee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa usikivu, na kati yao watoto walikuwa takriban milioni 34. Waliobaki ni sisi wakubwa. Niliielewa hesabu hiyo baba yangu alipopata kiharusi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopona kiharusi hubaki na tatizo la lugha, yaani maneno humkimbia, au huja yasiyo yake, huku akili yake ikiwa pale pale. Baba alikuwa msemaji wa vikao. Baada ya kiharusi alibaki na maneno machache, na moja kati ya hayo lilikuwa jina langu, ambalo alilitumia kwa maji, kwa mlango na kwa maumivu. Wageni walianza kuniuliza mimi mambo yake akiwa ameketi mbele yao. Alielewa kila neno.

Mtaalamu wa matamshi alitufundisha mambo ambayo yangeweza kufundishwa kwa familia nzima za mtaa kwa asubuhi moja: kuzima redio kabla ya kuzungumza, kuuliza swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kuweka kalamu na karatasi na picha mezani, na kusubiri. Kusubiri ndiko kulikotushinda. Sekunde kumi za kimya ni ndefu mno kwa mtu mwenye afya, naye humalizia sentensi ya mgonjwa akidhani anamsaidia. Wenye kigugumizi hulalamikia tabia hiyo hiyo. Kamati yetu ilianzisha kikao cha kila wiki cha watu waliopoteza maneno, chenye viti, picha na mtaalamu anayepita mara moja kwa mwezi, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kifaa kimoja cha usikivu. Baba hakurudi kuwa msemaji, lakini alirudi kuwa mtu anayetoka nyumbani kila Jumatano.

Kuhusu namna ya kuchangisha nitakuwa mfupi. Msifanye picha ya mtoto kuwa malipo ya msaada, na kitabu cha mapato na matumizi kiwe wazi kwa kila anayetaka kukisoma. Ongezeni hili, ambalo nalisema kwa aibu: tamasha letu la kwanza la kuchangia usikivu lilikuwa na spika zenye kelele kiasi kwamba watoto wenye vifaa walitoka nje wakilia. Sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa zipatazo 40 kwa wiki, lakini kila inapopanda kwa desibeli 3 muda huo salama hupungua kwa nusu, na muziki wa tamasha hupita kiwango hicho kwa mbali. Tulikuwa tunakusanya fedha za masikio kwa mkono mmoja na kuyaharibu kwa mkono wa pili.

Kama kikundi chako kinataka kuanza, nenda kwenye kliniki iliyo karibu na uulize swali moja kabla ya kutaja kiasi chochote cha fedha: kati ya waliopewa vifaa mwaka jana, ni wangapi wanaovivaa mwezi huu? Sisi tulipouliza mara ya kwanza hakuna aliyejua. Watu wawili walitumia Jumamosi tatu kupiga simu, wakarudi na daftari lenye safu tatu, wanaovaa, wasiovaa na wasiopatikana, na hadi leo ajenda ya kikao chetu huanza na ile safu ya katikati.