Muziki kwenye masafa ya ndege, mstari wa 144.000 na "krr" ya 162 MHz

Mkuu, umeuliza mambo matatu uliyoyanasa ukiwa Kigamboni: muziki kwenye 119.4 MHz kwa skana ya mkononi (redio ya kupekua masafa), mstari usiokatika kwenye 144.000 ukitumia RTL-SDR (kipokezi kidogo cha USB cha kompyuta), na "krr" fupifupi karibu na 162. Kabla hujauliza ni nani anarusha, hakikisha kwanza kwamba yupo anayerusha. Dar vituo vya FM vimebanana kati ya 87.5 na 108, na mawimbi mengi unayoyaona kwenye skrini yamezaliwa ndani ya kipokezi chako.

Anza na muziki. Mawasiliano ya ndege, 118 hadi 137 MHz, ni AM, kwa hiyo FM ikiingia humo inasikika imekwaruza. Skana nyingi za zamani zina IF ya kwanza (masafa ya kati ambayo kipokezi hugeuzia mawimbi) ya 10.7 MHz, hivyo hudanganywa na kituo kilicho mbali kwa mara mbili ya hiyo, yaani 21.4. Toa 21.4 kwenye 119.4 unapata 98.0. Sikiliza redio ya kawaida hapo. Wimbo ukiwa uleule, umemaliza kazi.

Kama hesabu haikubali, weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kati ya antena na kipokezi. Mawimbi halisi yatashuka 10. Yale yanayotokana na vituo viwili vikali kuchanganyikana ndani ya kipokezi hushuka karibu 30, au yanapotea kabisa. Dawa yake ni filta ya kuzuia 88–108. Kuongeza geini (ukuzaji wa mawimbi) kunazidisha tatizo, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Mstari wa 144.000 ni kristali (saa ya ndani) ya RTL-SDR yenyewe: 28.8 MHz mara 5. Utaukuta tena 115.2 na 172.8. Chomoa antena, ukibaki palepale, usihangaike nao. Antena ikichomolewa ukapotea, bado shuku taa za LED, chaja na inverta za sola. Endesha laptop kwa betri, na umeme ukikatika mtaa mzima usizime kipokezi: huo ndio wakati mzuri wa kujua kelele ipi ilikuwa ya majirani.

Halafu sahihisha PPM, yaani kosa la masafa la kipokezi, sehemu kwa milioni. Kifaa cha bei rahisi kikikosea kwa 40 ppm, kwenye 160 MHz umesogea 6.4 kHz, nusu ya chaneli ya 12.5 kHz. Ukitafuta jina la mawimbi kwa namba hiyo utapotea.

Sasa hiyo "krr". Tazama kama ziko mbili, 161.975 na 162.025. Zikiwapo, ni AIS, meli zinajitambulisha. Kila mlio huchukua takriban milisekunde 27, data ya biti 9600 kwa sekunde. Meli kubwa inayotembea kwa kasi iliyo chini ya noti 14 hutuma kila sekunde 10 ikibadilisha chaneli, kwa hiyo kwenye chaneli moja utaisikia kila sekunde 20. Iliyotia nanga ikisubiri bandari hutuma kila dakika 3, ndiyo maana unadhani imezima. Thibitisha kwa programu ya AIS-catcher: namba ya meli ina tarakimu tisa, na ikianza na 674 au 677 imesajiliwa Tanzania. Urefu wa antena ya robo ya wimbi: gawa 71.3 kwa MHz upate mita, hapa ni kama sentimita 44, isimame wima, iione bahari.

Ukikuta ngurumo kama injini ya bodaboda, upana 12.5 kHz, huenda ni sauti ya DMR, redio za mawasiliano za kidijitali. Ishia kuitambua tu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kunasa mazungumzo yasiyokuhusu.

Ukikwama tena, leta masafa baada ya kusahihisha PPM, upana kwa kHz, saa, muda kati ya mlio na mlio, na faili la IQ (data ghafi ya kipokezi) la sekunde 10. Sauti iliyorekodiwa kwa simu kutoka spika imeshapoteza upana na masafa, na bila hivyo viwili hakuna wa kukusaidia.