Kabla Hujadai Sheria ya Mpira wa Wavu Ibadilishwe

Kapteni wa timu moja ya wanawake huko Manyoni kaniandikia: "Shikamoo kocha. Seta wetu anapigiwa filimbi ya dabo kila mechi kwa sababu ya upepo. Marekani wameshairuhusu. Nataka tuiombe kamati ya mashindano yetu nayo iiruhusu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa msomaji mgeni: seta ni mchezaji anayewatengea wapigaji mpira, na dabo ni kosa la mchezaji mmoja kuugusa mpira mara mbili mfululizo. Umeniuliza wakati mzuri, maana Agosti hii hapa Dodoma hoja yangu ndiyo iliyopita kwenye kikao cha ufundi, na ilihusu upepo huohuo. Ila nikuambie mapema: kwenye dabo siko upande wako.

Kwanza tuliweke sawa hilo la Marekani, kwa sababu vijana wengi wanaliona kwenye video fupi na kulibeba hivyohivyo. Walioruhusu ni NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, na ni kwa wanawake, kuanzia msimu wa 2024. Hata hapo mpira ni lazima ubaki upande wa timu iliyougusa. Seta akigusa mara mbili mpira ukavuka wavu, bado ni kosa. Kitabu cha sheria cha FIVB, shirikisho la wavu la dunia, cha 2025 hadi 2028 hakijaifuta dabo. Inasamehewa kwenye mguso wa kwanza wa timu, yaani ule wa kupokea, kwa mfano mpira ukigonga mikono kisha kifua, mradi ni katika tendo moja. Sasa fikiria seta wako amezoeshwa dabo kwenye ligi ya nyumbani, halafu timu inapanda ngazi na kukutana na mwamuzi wa kitabu cha FIVB. Filimbi zote mlizozikwepa mtalipishwa siku hiyo, tena mbele ya watu.

Mimi nilikuwa seta. Nilianza sekondari miaka ya 1990, enzi ambazo, ukiacha seti ya tano, pointi ilipatikana ukiwa wewe ndiye unayeanzisha mpira (servisi) tu. Ukishinda mpira wa wenzako, unapewa haki ya kuanzisha, basi. Seti ya pointi 15 ingeweza kula mchana mzima. Mfumo wa kila mpira kuwa pointi, hadi 25, ulipokuja mwishoni mwa miaka hiyo pamoja na libero, yaani mchezaji maalumu wa ulinzi, walimu wetu walisema wavu umekufa. Haukufa. Nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, kwa sababu mabadiliko yale yalitibu ugonjwa halisi: mechi hazikuwa na mwisho unaotabirika, na televisheni haikuweza kuzipangia muda. Libero naye aliletwa kuokoa ulinzi uliokuwa unazidiwa na wapigaji warefu. Kwa hiyo asije mtu akaniita mlinzi wa mambo ya kale.

Narudi Agosti. Mashindano yetu yalichezwa viwanja vya wazi, na kila aliyewahi kuishi Dodoma wakati wa kiangazi anaujua upepo wa mchana unavyokuja na vumbi lake. Timu iliyopangiwa upande unaoupa upepo uso inacheza seti nzima ikiumia: servisi zinarudi nyuma, pasi zinamkimbia seta. Kocha mmoja akapendekeza dabo iruhusiwe, hoja kama yako. Ukumbi ukaitikia. Nikanyoosha mkono.

Naomba niseme kitu hapa. Miaka ya nyuma, kwenye kikao cha aina hiyohiyo, kiongozi mmoja aliniambia mbele ya makocha wote kwamba sheria niwaachie wanaosoma, mimi nishughulike na maji ya wachezaji. Niliketi. Sijasahau hadi leo. Tangu hapo siingii kikaoni bila kitabu cha sheria chenye kurasa nilizozipigia mstari na daftari la mechi.

Daftari ndilo lililosema Agosti. Katika mechi za makundi nilikuwa nikiandika kila filimbi ya dabo pamoja na pasi iliyotangulia. Sehemu kubwa ya dabo zilifuata pokezi mbovu, seta kakimbia kuufuata mpira nje ya mstari wa mita tatu na kuupiga huku mwili unaanguka. Nikawauliza: tunataka kutibu mikono ya seta au upepo? Kama ni upepo, mbona dawa ipo tayari? Wavu wa ufukweni, unaochezwa Olimpiki tangu Atlanta 1996, unaishi na upepo siku zote. Wao wanabadilishana upande kila pointi 7, na seti ya tatu kila pointi 5. Hata wavu wetu wa ndani unabadilisha upande kwenye seti ya tano, timu ya kwanza ikifika 8. Nikapendekeza kila seti ya pointi 25, timu moja ikifika 13, tugeuze upande. Pointi, dabo, mzunguko wa wachezaji, vyote vibaki vilivyo.

Kura ikapita. Mwenyekiti alinipa mkono. Nilijisikia fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Sasa ushauri, na ninyi makocha wengine someni, si Manyoni peke yake. Ukitaka sheria ibadilike, taja ugonjwa kwanza. Soma kitabu chenyewe, usitegemee kipande cha video. Leta ushahidi wa mechi zenu, kwa sababu asiye na ushahidi anashindwa na mwenye sauti. Kitabu ndugu zangu, kitabu! Tunalalamika waamuzi wanatuonea ilhali nusu yetu hatujawahi kufungua kifungu cha mguso wa mpira. Wasichana wetu wanajituma juani, na sisi tunaowaongoza tunakwenda vikaoni mikono mitupu halafu tunarudi kulaumu. Hilo linaniuma kuliko kufungwa.

Wewe, mdogo wangu, kama bado unaitaka dabo, idai kwa uaminifu: iandikeni, muiwasilishe kabla ya kikao, mseme ni ya mashindano yenu tu na itaisha lini. Ila nakuomba jaribuni kwanza kugeuza upande kwenye mechi ya kirafiki. Mwambieni mwandishi wa fomu ya matokeo mapema, maana akigeuka na timu bila kuhakiki mzunguko mtaanzisha na mchezaji asiye zamu, na kwetu ilitokea kwenye mechi ya kwanza kabisa. Wachezaji wa akiba nao wahame na benchi lao. Mapumziko yasiwepo, wanapita pembeni ya nguzo na mchezo unaendelea. Na kama uwanja wenu unaweza kugeuzwa ili upepo upige ubavuni, ugeuzeni kabla hamjachora mistari.