Siku niliyomtajia dalali hela yangu yote

Kosa langu la kwanza nililifanya ndani ya bajaji, tukitoka Segerea kwenda Kinyerezi, hata nyumba yenyewe sijaiona. Dalali alikaa pembeni yangu, kijana mchangamfu, shati limenyooshwa, simu mbili mkononi. Akaniuliza taratibu, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Dada, mfuko wako umekaaje, ili nisikuzungushe bure?" Nami kwa kutaka kuonekana mteja wa maana nikamjibu, "Tuna milioni 80, ila tukijibana tunafika 85."

Kuanzia siku hiyo, kwa wiki tatu nzima, kila nyumba aliyotupeleka ilikuwa inauzwa 80, 83 au 85. Kinyerezi, 85. Tabata Kisukuru, 83. Hata pagale moja kule Msakuzi, halina bati wala fremu za madirisha, nalo lilikuwa "80, lakini maongezi yapo." Mume wangu ndiye aliyeshtuka kabla yangu. Tulikuwa tunarudi usiku, akasema, "Hivi Dar nzima watu wamekaa kikao wakapanga bei ifanane na akiba yetu?"

Ile ya Kinyerezi ndiyo iliyotufungua macho. Nyumba ilikuwa nzuri, vyumba vitatu, kimoja masta, uzio umezunguka. Tukaomba kuonana na mwenye nyumba. Dalali akasema mzee yuko Dodoma, hataki usumbufu wa simu, kila kitu kamwachia yeye. Basi wakati yeye anahangaika na kufuli la geti, mimi nikavuka barabara kununua maji kwa mangi wa duka la mkabala. Nikamuuliza tu, "Ile nyumba nayo imeshapata mtu?" Mangi akajibu bila hata kuinua kichwa: "Ile ya 65? Bado. Mwenyewe alipita hapa juzi." Milioni 65. Na mzee wa Dodoma alikuwa anaishi Ukonga.

Hiyo milioni 20 katikati ndiyo watu wa mjini wanaiita cha juu. Mwenye mali anasema anataka 65 mkononi mwake, dalali anajipangia bei ya kutangaza, tofauti yote ni yake. Wala si lazima aile peke yake. Nyumba moja inaweza kuwa na madalali wanne: mmoja anamjua mwenye nyumba, wa pili anamjua huyo wa kwanza, wa tatu aliona picha kwenye kundi la WhatsApp, na wa nne ndiye anayekujua wewe. Kila mmoja ameweka mkono wake. Siku ya Kisukuru tulifika tukawakuta watatu wamekaa chini ya mwembe wanatusubiri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na funguo.

Simlaumu sana dalali. Ana watoto, anatembea juani, na wateja wengi wanamzungusha mwezi mzima halafu wanamruka wakanunue wenyewe. Ila ukishaelewa kwamba yeye anakula kwenye bei, utaona ujinga wa kumwomba akupunguzie. Unamwomba mtu apunguze chakula chake mwenyewe. Kwenye kupanga mambo ni mepesi, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja mkamalizana. Kwenye kununua kuna asilimia, kumi au pungufu yake, ambayo kwa maneno inatoka kwa muuzaji. Kwa vitendo inatoka kwako, maana imeshaingizwa kwenye bei kabla hujavua viatu kuingia sebuleni.

Tulipoanza upya tulitafuta dalali mwingine, mkazi wa Goba, tuliyeletewa na fundi wetu wa umeme. Safari hii kabla ya kupanda bodaboda nikamkalisha kwenye kibanda cha chipsi. Nikamwambia: "Mdogo wangu, mimi silipi asilimia na sitaki cha juu. Siku tunasaini mkataba unapata milioni 3 zako, hata nyumba ikiwa ya 40. Na kila milioni utakayonisaidia kushuka chini ya 80, laki 2 ni yako." Tukaandika kwenye karatasi ya daftari, akasaini, mimi nikasaini, fundi akawa shahidi.

Mabadiliko niliyaona siku ileile. Zile stori za "kuna mteja anatoka Mwanza kesho na hela taslimu" zikakatika. Nyumba mbili alizikataa yeye mwenyewe kabla sijaenda, akasema, "Hapo, dada, kuna watu wengi katikati, hutatoka salama." Kumbe mtu akijua hatapata chochote cha ziada kwenye mnyororo mrefu, anatafuta mwenye nyumba anayemfahamu ana kwa ana. Na safari hii alipouliza mwisho wa mfuko ni wapi nilimjibu, "Nionyeshe nyumba kwanza, tutaongea tukiipenda." Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu tukacheka wote wawili.

Hela ya kuonyeshwa usiikatae kabisa, lakini usiilipe kila asubuhi kama nauli. Sisi tulimpa 10,000 kwa siku anayotembea nasi, iwe nyumba moja au tano, na mafuta ya boda juu yetu. Yule wa kwanza alikuwa anatutoza 20,000 kwa kila mlango, ndiyo maana milango haikuwa inaisha.

Sasa nyumba ya Goba. Dalali alisema bei ni 78. Nilichokifanya ni kurudi mara tatu kabla ya kutaja neno lolote la hela. Mara ya kwanza mchana na dalali. Mara ya pili usiku, mimi na mume wangu tu, tukasikiliza kama kuna baa karibu. Mara ya tatu asubuhi baada ya mvua kunyesha usiku kucha. Madalali wanapenda kukuonyesha nyumba wakati wa kiangazi, na mimi naamini nyumba ya Dar haijulikani mpaka ikutane na masika. Tulikuta kona ya nyuma imejaa maji mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ndani, ukuta wa chumba cha watoto umeanza kupanda unyevu. Nikapiga picha. Nilimpigia fundi ujenzi akaja akahesabu: mtaro, karo, kupiga plasta upya, milioni 4 na ushee. Karatasi ya fundi ina nguvu kuliko maneno "jamani, bei kubwa."

Kitu kingine ni neno "hati". Dalali atakwambia nyumba ina karatasi zote. Muulize karatasi gani. Mara nyingi "hati" yake ni makubaliano ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo yanaonyesha tu kwamba fulani alimuuzia fulani. Wengine wana leseni ya makazi, ambayo ni ya muda na inatolewa maeneo yasiyopimwa. Hati miliki ni kitu kingine, ina namba ya kiwanja na kitalu, na muda wake umeandikwa, miaka 33, 66 au 99. Bei za hivi vitu vitatu haziwezi kulingana, na hapo pana maongezi makubwa kuliko ya rangi ya vigae. Ukiambiwa hati ipo, omba nakala, kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki ni la nani na kama benki haijaishikilia. Halafu tembea mpaka kwenye bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, uzione kwa macho.

Pia angalia kilicho jirani. Ile nyumba ya Kinyerezi, hata kwa 65 tusingeichukua: ukuta wake wa nyuma ulikuwa hatua chache tu kutoka mtoni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Barabara nayo ina hifadhi yake: waliokuwa kandokando ya barabara ya Morogoro, Kimara kwenda mbele, wanaikumbuka bomoabomoa ya 2017, ile alama ya X nyekundu ukutani na kijiko kikija nyuma yake.

Siku ya kukaa na mwenye nyumba ilikuwa Jumapili jioni. Mzee mstaafu, amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, redio pembeni. Tukaamkia, tukanywa chai, tukaongelea mambo ya shamba lake Mvomero. Dalali alikuwa anapapatika kuingia kwenye bei, nikamkanyaga mguu kidogo. Ndani ya nusu saa hiyo ya stori nilipata nilichokitaka: mzee anahamia shambani, anataka kuchimba kisima na kununua pampu kabla ya msimu, na mke wake hataki kuhama. Hataki kwa sababu mjukuu wao yuko darasa la saba na mtihani ni Septemba. Ilikuwa Juni.

Mzee akasema 78. Nikaweka simu mezani, picha za maji, na karatasi ya fundi. Akazitazama muda mrefu, akazima redio. Akasema 74. Mume wangu akataka kujibu, nikamshika goti, tukanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu jamani, nilisikia hadi jiko la mkaa likitatarika kule uani. Mzee akasema, "Basi 73, chini ya hapo watoto watanicheka."

Hapo ningeendelea kuvutana naye tungeishia kuudhiana. Nikamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na kanga begani. Nikamwambia, "Mama, sisi kodi yetu tulipopanga inaisha mwisho wa Septemba. Mkituuzia, mkae hapa bila kulipa chochote mpaka kijana amalize mtihani. Baba atapata nusu ya hela wiki ijayo, achimbe kisima chake." Mama hakunijibu mimi. Alimwangalia mumewe. Nao wakaingia ndani, tukabaki na dalali anayetafuna kucha.

Walitoka na 69.

Watu wengi wanambembeleza mume tu na kumsahau mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana mji huu umejaa kuta zilizoandikwa "NYUMBA HII HAIUZWI": nyingine ni matapeli waliokuwa wanauza nyumba ya mtu, nyingine ni mke au watoto waliosikia habari kwa jirani. Sisi mama alisaini fomu ya ridhaa mbele ya wakili, na kitambulisho chake kikaambatanishwa.

Usifunge bei kabla hamjaongelea nani analipa nini. Kodi ya faida ya mauzo, ile inayolipwa TRA, kisheria ni mzigo wa muuzaji, lakini utasikia "mteja ndiye anamaliza mambo ya serikali." Bila hiyo kulipwa, hati haihamii kwenye jina lako, kwa hiyo anayeumia mkikaa kimya ni wewe. Ushuru wa stempu tulijua ni wetu, tukaupangia. Kodi ya pango la ardhi mzee alikuwa na deni la miaka mitatu, tukakata kwenye malipo ya pili. Na serikali ya mtaa kuna mjumbe mmoja aliyegusia "asilimia kumi ya ofisi." Nikamwomba kwa heshima anipe namba ya malipo ya serikali nikalipie benki. Suala hilo halikuzungumzwa tena, na muhuri tukapata.

Malipo yote yalipita benki, kutoka akaunti yetu kwenda ya mzee, mawili kama tulivyoahidi: nusu siku ya mkataba, iliyobaki siku ya kukabidhiwa funguo na karatasi za uhamisho zikiwa zimesainiwa. Hata shilingi moja ya nyumba haikupita mkononi mwa dalali. Yake tulimpa siku tuliyosaini, 3 za makubaliano na 2,200,000 kwa zile milioni 11 zilizoshuka chini ya 80. Alizihesabu mara mbili pale ofisini kwa wakili, akazigawa kwenye mifuko miwili ya suruali.

Tulihamia mwanzoni mwa Oktoba, mtaro ukiwa umeshachimbwa. Hata mapazia hatujatundika, simu ikaita, dalali wetu wa Goba. "Dada, usikatae kwanza. Nina mteja hapa, anaitaka hiyohiyo nyumba yako kwa 90."

Nikamuuliza, "Hiyo 90 ni bei yangu, au cha juu chako kimo humo?"

Alicheka mpaka salio likamwishia.