Naomba kila siku, mbona bado ni mpweke?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimefiwa na mume wangu, na watoto wanajitegemea, wako mbali. Ninaomba asubuhi na jioni, lakini nikishasema amina nyumba inabaki kimya vilevile. Mwenzangu kanisani ameniambia kwamba mwenye Yesu hawezi kuwa mpweke, kwa hiyo niichunguze imani yangu. Je, upweke wangu ni dhambi?

Jibu: Amina, mama. Pole sana kwa msiba.

Si dhambi. "Si vema huyo mtu awe peke yake" (Mwanzo 2:18) Mungu alilitamka Edeni, tunda likiwa bado halijaliwa. Adamu hakuwa na doa wala hakuwa mbali na Mungu, na Mungu mwenyewe akaona kuna kinachopungua. Mwenzako amekutwika mzigo ambao Maandiko hayakutwiki.

Msome Paulo katika 2 Timotheo 4. Yuko kifungoni na anajua kifo kimekaribia. Demas amemwacha, wengine wako mbali, aliye naye ni Luka tu. Siku ya kujitetea hakuna mtu aliyesimama upande wake. Ndipo anaandika: "Lakini Bwana alisimama pamoja nami, akanitia nguvu." Mara nyingi sisi wahubiri tunakomea hapo, na hilo linawaumiza watu kama wewe, maana Paulo hakomei hapo. Katika sura hiyohiyo anamsihi Timotheo aje upesi, aje na Marko, amletee lile joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu. Anapokaribia kufunga barua anarudia tena: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Bwana amesimama naye kweli, na bado anamhitaji rafiki, na nguo ya kujifunika. Wala haoni haya kusema.

Basi usiache kuomba, mama, ila mpelekee Mungu uchungu wenyewe. Mtaje mume wako kwa jina. Mwambie Mungu ni saa ngapi unamkosa zaidi: mezani, au pale unapopata habari na huna wa kumsimulia. Maneno yakikuishia, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Zaburi nyingi za maombolezo hugeukia sifa kabla ya kwisha; hii inaishia gizani, mwombaji akilia kwamba rafiki ametengwa naye. Lakini kilio chote anamlilia "Mungu wa wokovu wangu". Huo nao ni uombaji wa imani, na faraja yake huja kidogo kidogo.

Kisha fanya kama Paulo, umwombe mtu mmoja aje. Ukisema "karibuni nyumbani" kwa wote, kila mmoja atadhani mwingine ataenda. Mwambie mmoja: "Njoo Jumatano jioni tuombe pamoja." Mchungaji wako naye aijue hali yako. Yakobo 1:27 inatutaka twende kuwatazama wajane katika dhiki yao, kwa hiyo kukutembelea ni wajibu wetu, hutuombi fadhila.

Eliya naye aliwahi kuomba afe, pale chini ya mti wa mretemu (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Wazo la namna hiyo likikujia, mwambie mtu usiku huohuo, na umwone daktari.